Faini ilikuwa dola 500, mimi zimenitoka zaidi ya 52,000: DWI yangu ya kwanza (kuendesha gari nimelewa) Texas

Dereva_Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema?

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp jamaa kauliza DWI ya kwanza Texas faini yake kiasi gani, watu wakamjibu "mwisho dola elfu mbili tu, usiogope". Aliyejibu hajadanganya. Sheria ndivyo inavyosema, kosa la kwanza ni faini isiyozidi 2,000 na jela kuanzia saa 72 hadi siku 180. Lakini ukiishia hapo umesoma kichwa cha habari, habari yenyewe hujaifungua.

Huu mwaka wa kumi na moja niko Texas. Kazi yangu ilikuwa lori, yale ya magurudumu kumi na nane. Nina CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya biashara, nina grinikadi. Jumamosi moja tulikuwa na sendofu ya binti wa rafiki yangu. Nilikunywa bia nne, halafu mgeni aliyetoka Dar akafungua Konyagi, nani angekataa? Kwangu kutoka ukumbini ni dakika kumi na mbili. Nilijiona mzima kabisa, nikamwambia mke wangu abaki na wenzake wamalize kuosha vyombo, mimi natangulia.

Polisi hakunisimamisha kwa ulevi. Taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Alipoinama dirishani akasikia harufu, basi. Nikatembezwa juu ya mstari, hatua tisa kwenda, tisa kurudi, nikapuliza mashine ya kupima pombe: 0.11. Kikomo ni 0.08.

Nikalala ndani. Bondi, yaani dhamana, ilipangwa dola 1,000, nikamlipa mtu wa bondi 150 akanitoa. Gari lilikuwa limevutwa, yadi wakataka 340 kwa siku mbili. Jumapili jioni nimekaa kwenye kochi najipigia hesabu: dola 490 na aibu. Nikasema yamekwisha.

Naendelea, ngoja nimpeleke mtoto mazoezini.

Kijana_wa_Buza

Nipo siti ya mbele. Mkuu usituache kama tamthilia ya Kifilipino.

Abu_Nasri

Pole. Ila usingekunywa haya yote yangekukuta wapi?

Dereva_Mstaafu

Abu Nasri, hilo mama yangu alishaniambia kwa simu, kwa sauti kubwa kuliko yako. Nimelipokea. Tuendelee.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Usiku ule polisi alichukua leseni yangu akanipa karatasi. Nikadhani ni risiti, kwamba leseni yako iko kwetu, utaipata kesi ikiisha. Nikaikunja nikaiweka kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri za rimoti.

Ile karatasi ilikuwa notisi. Inasema una siku 15 tangu kupewa notisi kuomba usikilizwe kuhusu leseni. Usipoomba, siku ya 40 leseni inafungwa yenyewe, hakuna hakimu, hakuna wa kumwelezea. Mimi nilikuwa nasubiri kesi ya mahakamani, sikujua kuna kesi nyingine inatembea pembeni, ya idara ya leseni. Usiku mmoja, kosa moja, kesi mbili, na hazisubiriani.

Nilifika kwa wakili siku ya 19. Swali lake la kwanza halikuwa ulikunywa nini. Aliuliza, "Karatasi iko wapi?" Nilipomtajia tarehe alivua miwani akaiweka mezani. Nikajua.

Mama_Sheria

Naomba niongeze hapo maana watu wengi wanapotelea hapo hapo. Mimi si wakili, nafanya kazi ofisi ya mawakili Dallas mwaka wa nane sasa.

Ukipuliza ukafika 0.08 au zaidi, kwa mara ya kwanza leseni inafungwa siku 90. Ukikataa kupuliza, siku 180. Kwa dereva wa kawaida huo ni usumbufu, utaomba leseni ya dharura mahakamani uende kazini na urudi. Kwa mwenye CDL ni msiba. Sheria ya shirikisho inamfungia CDL mwaka mzima hata kama alikuwa kwenye gari lake dogo, siku ya mapumziko, ametoka harusini. Kama alibeba mizigo ya hatari, miaka mitatu. Mara ya pili ni maisha. Na ile leseni ya dharura haikuruhusu kugusa lori.

Halafu mkiwa ndani ya lori lenyewe kikomo si 0.08, ni 0.04. Nyie wa bia mbili za chakula cha mchana mnisikie.

Kijana_wa_Buza

Kwa hiyo dada dawa ni kukataa kupuliza? Wasiwe na namba ya kunibana nayo.

Mama_Sheria

Mdogo wangu, hiyo ya "kataa" inauzwa sana kwenye vijiwe vya kahawa. Texas ukikataa, polisi anamwandikia jaji maombi hata saa nane usiku, jaji anasaini, unapelekwa kutolewa damu. Wikiendi za sikukuu majaji wanakuwa wamekaa standbai kabisa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo namba wanaipata, na leseni umeipoteza siku 180 badala ya 90. Kuna mawakili wanaoshauri kukataa kwa sababu zao, sibishani nao, lakini wewe na Konyagi yako kichwani si wakati wa kuanza kupiga hesabu za kisheria.

Mwarubaini254

Hapa Nairobi tulikuwa na vita vya namna hii. Alcoblow, mashine ya polisi ya kupima pombe, ilipokuja 2013 watu walikuwa wanajificha kwenye petroli stesheni hadi alfajiri. Baadaye, 2017, Mahakama ya Rufaa ikasema Kifungu cha 44 cha sheria ya trafiki kinataka ithibitishwe kwamba ulilewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, namba ya mashine peke yake haitoshi. Mabaa yalisherehekea siku hiyo, nakwambia. Huko kwenu ni namba tu?

Mama_Sheria

Kaka, huku wana njia mbili na wanachagua. Namba ikifika 0.08 wanakubana na namba. Isipofika wanaweza kusema ulipoteza uwezo wako wa kawaida wa akili au wa mwili, wakaleta video ya wewe unavyoyumba kwenye mstari. Nimeona faili la mtu wa 0.06 aliyeshtakiwa. Na ukifika 0.15 kosa linapanda daraja, faini hadi 4,000 na jela hadi mwaka. Ukiwa na mtoto chini ya miaka 15 ndani ya gari, hiyo ni jinai kubwa hata kama ni mara yako ya kwanza. Ninyi mnaorudi na watoto wamelala siti ya nyuma kutoka kipaimara, mnanisoma?

Dereva_Mstaafu

Asante Mama Sheria, umenifundisha leo nisichokijua na miaka imepita.

Sasa fedha. Mke wangu ndiye anaweka daftari, kwa hiyo hizi si za kukisia.

Wakili 4,500, kwa mafungu. Maombi ya leseni ya dharura mahakamani, 800 na ushee, tuseme 800. Hakimu alitaka nifunge kile kifaa cha kupulizia ndani ya gari kipindi cha dhamana: kukifunga 100, kukodi 85 kwa mwezi, miezi saba. Hicho kifaa naomba nikisemee kidogo. Gari haliwaki mpaka upulize. Ukiwa barabarani kinalia tena upulize, hata uko kwenye taa nyekundu na binti yako wa darasa la sita kakaa pembeni anaangalia nje ili wenzake wasimwone. Asubuhi moja kilinikatalia kwa sababu ya dawa ya kusukutua mdomo. Nikakaa kwenye gari kama mjinga, nasubiri, nimevaa sare ya kazi.

Mwisho nilikiri kosa. Kifungo cha nje mwaka mmoja, faini 500, gharama za mahakama 380, ada ya msimamizi 60 kila mwezi, yaani 720. Darasa la lazima la saa 12 kuhusu pombe na gari, 110. Kurudishiwa leseni, 125. Saa za kujitolea nilifagia ghala la chakula cha msaada, hiyo haina bei, na wale wazee wa pale nawapenda mpaka leo.

Kisha bima. Texas ukitiwa hatiani wanataka cheti kinaitwa SR-22, kampuni ya bima inaitangazia serikali kwamba una bima, miaka miwili. Cheti chenyewe ni dola chache. Kinachouma ni kwamba sasa bima wanajua wewe ni nani. Yangu ilitoka 140 ikaenda 290 kwa mwezi na imekaa huko miaka mitatu. Hesabu: 5,400. Bima peke yake imempita wakili.

Ukijumlisha na zile 490 za Jumapili inakuja 13,720.

Na hapo sijagusa lori. Nilikuwa naingiza kama 1,500 kwa wiki. CDL ilipofungwa nikaenda kupanga maboksi ghalani kwa 750. Wiki 52. Hiyo ni 39,000 ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya mahakama. Jumla 52,720. Kwa madafu, yaani shilingi za Tanzania, ni kama milioni 130. Kiwanja changu cha Kigamboni nilikiuza mwezi wa tano wa mwaka ule, na aliyekinunua ameshapandisha ghorofa.

Shoka_la_Bucha

Mkuu mimi nilifanya ujanja. Nilikataa kifungo cha nje, nikasema nipeni siku tatu jela yaishe. Nilikuwa nishakaa moja, nikamalizia mbili. Wenzangu wakanipongeza, eti hakuna kuripoti kwa mtu, hakuna darasa.

Baadaye ikaja barua: faini ya jimbo dola 3,000, mbali na ya hakimu. Na leseni wakafunga tena upya, maana ukichukua jela badala ya kifungo cha nje ule unafuu wa kutofungiwa leseni hupati. Nililia.

Mama_Sheria

Hiyo 3,000 ilianza Septemba 2019, ilichukua nafasi ya ule utaratibu wa zamani wa kulipa kila mwaka miaka mitatu. Kwa kutiwa hatiani rasmi mara ya kwanza ndani ya miezi 36 ni 3,000. Ya pili 4,500. Ukipimwa 0.15 au zaidi ni 6,000, hata kama ni ya kwanza. Usiyemudu unaweza kumwomba hakimu akusamehe, ila lazima ulete ushahidi wa hali yako.

Wanaochagua jela huwa wanaangalia kalenda ya wiki hii tu.

Nesi_Tabora

Dereva, kwenye kukiri kosa hukupewa ile ya kutotiwa hatiani, ukimaliza masharti wanaifuta? Rafiki yangu aliipata.

Dereva_Mstaafu

Nesi, wenye CDL hatuna haki nayo. Ilirudishwa 2019 kwa watu wa mara ya kwanza waliopima chini ya 0.15, lakini sheria imetutoa kwa jina. Nikamwuliza wakili, basi wanibadilishie kosa liwe dogo lingine, akasema sheria ya shirikisho inakataza kuficha makosa ya wenye CDL. Kila mlango nilioona wenzangu wanapitia, mimi nilikuta kufuli.

Mama_Sheria

Na hapo kwa wasio raia kuna mtego niutaje. Ile ya "kutotiwa hatiani" ni ya Texas. Uhamiaji wana maana yao. Ukikiri kosa na hakimu akakupa masharti yoyote, kwao umetiwa hatiani, hata Texas ikifunga faili na kukupa mkono wa heri. Nimeona watu wanajaza fomu ya uraia wanaandika "sijawahi", kwa nia njema kabisa, kisha wanaonekana waongo. Fomu inauliza pia kama umewahi kukamatwa. Kukamatwa, si kuhukumiwa. Jibu ndiyo, ambatanisha hati za mahakama.

Kijana_wa_Buza

Kwa hiyo DWI wanakurudisha Bongo?

Mama_Sheria

Moja ya kawaida, mwenye grinikadi, kwa kawaida peke yake haimfukuzishi. Kuna kesi ya 2004 ya Leocal, Mhaiti mwenye grinikadi aliyekuwa Florida, alilewa akaumiza watu wawili, serikali ikasema huo ni uhalifu wa nguvu, afukuzwe. Mahakama ya Juu ikakataa. Lakini hukumu zikifika mbili ndani ya kipindi wanachokichunguza ukiomba uraia, tangu uamuzi wa 2019 wa Mwanasheria Mkuu wanaanza kwa kudhani huna tabia njema, wewe ndiye uthibitishe vinginevyo. Ikichanganyika na dawa za kulevya ni habari nyingine kabisa.

Kingine: wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza madhara ya uhamiaji kabla hujakiri. Haki hiyo ililetwa 2010 na dereva wa lori mwenzenu, Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, ambaye wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, ameshakaa sana Marekani. Kwa hiyo uliza, tena uliza kwa maandishi.

Mwanafunzi_F1

Naandika kwa jina jipya, mtanisamehe.

Wenye viza msidhani haya ni ya wenye CDL tu. Mimi nilikamatwa mwaka wa tatu wa chuo. Kesi ilikuja kufutwa, video ilionyesha polisi hakuwa na sababu ya kunisimamisha. Lakini miezi kama miwili baada ya kukamatwa, kesi haijasikilizwa hata mara moja, nikapata baruapepe ya ubalozi: viza yako imefutwa.

Nilikimbia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wakanieleza viza ni ya mlangoni tu, uhalali wangu wa kusoma haujaguswa, naweza kuendelea na masomo. Ila nikitoka nchini sirudi mpaka niombe viza upya, na hapo wangenipeleka kwa daktari wao aangalie kama nina tatizo la pombe. Sera ya wizara yao ni kwamba kukamatwa kwa ulevi wa gari ndani ya miaka mitano kunatosha.

Mzee wangu alifariki mwaka uliofuata. Moshi walizika, mimi nilikuwa kwenye Zoom na simu ya binamu ilikuwa inaisha chaji.

Nesi_Tabora

Pole sana mdogo wangu.

Abu_Nasri

Inna lillahi. Pole kijana. Na Dereva, nisamehe kwa lile neno langu la juu.

Dereva_Mstaafu

Hakuna shida, shekhe.

Mwanafunzi, pole mno. Sikujua hilo la viza. Kwetu kwenye vikao tunasema "kesi ilifutwa" kama kwamba yameisha.

Kuna jingine dogo. Mwaka jana shemeji yangu alioa Toronto. Nilikata tiketi kabisa. Kumbe Kanada tangu Desemba 2018 ulevi wa gari kwao ni kosa zito, adhabu yake inafika miaka kumi, na wewe mwenye rekodi ya Marekani wanakuhesabia kwa sheria yao. Nilizuiwa. Picha za harusi nimeziona, suti yangu ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha sare, iko kabatini.

Mwarubaini254

Boss, na CDL ilirudi?

Dereva_Mstaafu

Ilirudi. Kazi ndiyo haikurudi. Kampuni nyingi bima yao inakataa dereva mwenye DWI ya miaka ya karibuni, wanakwambia rudi baada ya mitatu, wengine mitano. Sasa naendesha forklifti, na siku moja moja wananiita dispachi kupanga safari za wenzangu. Ndiyo maana ya jina langu humu, mlidhani nimezeeka.

Bi_Mkubwa_Katy

Hodi humu. Nimetumiwa uzi huu na dada yangu. Mpwa wangu kakamatwa Ijumaa usiku, katoka leo asubuhi. Yeye anasema kesi ni mwezi ujao, tutulie. Hana CDL lakini anafanya Uber. Tufanye nini?

Dereva_Mstaafu

Shikamoo mama. Alipewa karatasi?

Bi_Mkubwa_Katy

Marahaba. Anasema alipewa nyingi, kaziacha kwenye gari, na gari lipo yadi, hela ya kulitoa hadi alipwe.

Mama_Sheria

Mama, leo ni siku ya pili, mpo vizuri. Ombi la kusikilizwa halihitaji karatasi yenyewe. Linapelekwa idara ya leseni ya jimbo, hata kwa simu au mtandaoni, namba ya leseni, tarehe ya kukamatwa na kaunti. Afanye leo, asingoje kupata wakili. Akishaomba, leseni haifungwi mpaka wasikilize. Na kwenye kusikilizwa wakili anapata nafasi ya kumhoji polisi kwa kiapo kabla ya kesi kubwa, hiyo ni dhahabu. Uber wana ukaguzi wao wa rekodi, hilo ajiandae nalo.

Bi_Mkubwa_Katy

Kaomba, kapewa namba ya uthibitisho nimeiandika ukutani jikoni. Anauliza, Jumatatu anaweza kuendesha gari la mama yake kwenda kwenye kazi yake ya mchana? Leseni si wamechukua.

Dereva_Mstaafu

Mama, moja ya zile karatasi zilizo yadi ndiyo leseni yake ya muda kwa sasa. Aendeshwe na mtu hadi yadi, aombe kutoa vitu vyake tu, gari libaki. Aitafute kwenye siti, chini ya siti, popote. Mimi yangu ilikuwa na betri za rimoti.